Besi Bila Mpigaji

Shemasi Pettigrew hakuwahi kukanyaga kibaraza changu tangu tumzike mke wangu Verlene. Kwa hiyo nilipomwona anapanda ngazi na pai ya viazi vitamu mkononi, nilijua kuna jambo. Mtu hakuletei pai mwezi wa tatu, theluji chafu bado imelala kando ya barabara, eti kwa upendo tu. Nilisimama nyuma ya mlango nikamwacha abishe mara mbili.

"Ndugu Tarver, nakuona," akasema. "Miguu yako hiyo hapo."

"Kama unaiona miguu basi mwili hauko mbali. Ingia."

Akaingia, akaweka pai mezani, akakaa kwenye kiti cha Verlene bila kuuliza. Wenye vyeo hawaulizi kiti ni cha nani.

Huyu ndiye mwenyekiti wa wadhamini wa kanisa letu, lile la matofali mekundu nyuma ya kiwanda cha matairi kilichofungwa. Mimi nimepiga gitaa la besi humo miaka thelathini na moja, kona ya kushoto, kati ya ngoma na kinanda. Shule niliishia darasa la tisa nikaenda kuchoma mpira kiwandani. Siku wakubwa walipoamua kukifunga, meneja alitupitia mmoja mmoja akitupa mkono na kututabasamia, na barua za kutuachisha kazi zilikuwa tayari kwenye posta. Tangu hapo mkubwa akinichekea, mimi natazama mikono yake.

Mikono ya Pettigrew ilikuwa inachezea ukingo wa kitambaa cha meza.

"Mchungaji anataka jukwaa jipya," akasema. "Kamera tatu, taa, watu watuone kwenye simu zao Pasaka. Sasa lile sanduku lako la spika, kaka, limekuwa kubwa kama friji."

"Si kubwa kuliko friji yako, Shemasi. Tumbo lako linashuhudia."

Alicheka, na alicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Hapo nikazidi kukaa macho.

"Sikiliza," akasema. "Cordell wetu wa gitaa amepata vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu. Unachomeka gitaa la kawaida, unakanyaga, sauti inashuka oktavu nzima. Anapiga do, kisanduku kinatoa do ya chini yake. Yaani gitaa na besi, mtu mmoja, waya mmoja, inaingia kwenye spika za ukutani. Hakuna friji."

"Hakuna na Tarver."

Akakinyoosha kitambaa cha meza. "Umekosa Jumapili kumi na moja, Delmus."

"Nilikuwa nimefiwa."

"Najua umefiwa. Nilikuwepo mazishini."

"Ulikuwepo, ndiyo. Wewe ndiye uliyempungia mkono kiongozi wa kwaya akate wimbo, kwa sababu saa nane kulikuwa na arusi ya watu."

Verlene aliimba sauti ya pili katika kwaya ile tangu akiwa msichana. Aliombewa kwa saa moja kamili, na wimbo wake ukaishia ubeti wa tatu. Ubeti wa nne nilikuja kuuimba mwenyewe jikoni, na mimi sauti sina. Hayo yote Pettigrew anayajua. Alitazama sakafu, akakohoa, akatoa neno alilokuja nalo.

"Visanduku ni viwili. Kimoja cha zamani, cha Cordell mwenyewe; kimoja kipya, duka limetuazima. Jumamosi asubuhi vinajaribiwa mazoezini. Wadhamini tumeona mtu wa kuvihukumu uwe wewe. Hakuna sikio la sauti ya chini kama lako katika mji huu."

Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Walitaka kunitoa kwenye kona yangu, na walitaka saini iwe yangu. Mtu akishajitia kitanzi mwenyewe, nani atamlaumu mwenye kamba?

"Nitakuja," nikamwambia.

Alipoondoka nilimpa mbwa wa jirani kipande cha ile pai kwanza. Mbwa alikula, akalamba midomo, akaomba tena. Nami nikala.

Jumamosi nilifika saa nne asubuhi kabla ya wengine. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, nikavua viatu. Hiyo ndiyo kazi yangu ninavyoijua: sauti ya juu inasikika kwa sikio, lakini besi inasikika kwa unyayo. Sakafu ya kanisa letu ni ya mbao, na chini yake ni shimo tupu la ghala. Ukikaa na soksi tu, unajua kama besi imefika kwa wakati au imefika kama mgeni wa kupita.

Cordell aliingia na gitaa lake mgongoni. Ni fundi wa mabasi ya mji, ana miaka arobaini na sita, mkimya, kucha zake hazitakati mafuta hata umsugue kwa petroli. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika nyuzi. Aliponiona alikuja moja kwa moja.

"Anko Del. Umeamkaje?"

"Nimeamka. Si unaona?"

"Anko, nakuomba kitu kimoja tu leo. Sema unachosikia. Hicho hicho, usiongeze wala usipunguze."

"Nani amekutuma uniambie hivyo?"

"Hakuna aliyenituma."

"Haya."

Akanitazama kama mtu anayetaka kusema zaidi, lakini Pettigrew alikuwa ameingia na karatasi zake kwapani, Cordell akaenda kushusha gitaa lake. Nikajisemea: hata huyu yuko nao. Hata huyu niliyemnyoosha vidole mwenyewe.

Kwanza ilikuwa zamu ya kisanduku cha kahawia. Kilikuwa kizito, rangi imebanduka, na vitufe viwili tu vya kuzungusha. Cordell alikichomeka cha kwanza kabisa kutoka kwenye gitaa kabla ya vikorokoro vyake vingine, jambo ambalo ni sawa, maana kisanduku cha namna hii kinataka sauti safi ambayo haijachanganywa. Akachagua sumaku ya kudakia sauti iliyo karibu na shingo ya gitaa, akapunguza ukali wote wa sauti. Mama Idella Crume, mpiga kinanda wetu, alianza wimbo wa taratibu wa meza ya Bwana, na Cordell akaingia chini yake.

Niseme ukweli, kile cha kahawia kilikuwa na nyama. Noti moja moja, uzi mmoja mmoja, juu kidogo kwenye shingo ya gitaa, kilitoa sauti nene, ya joto, ikapanda kwenye nyayo zangu mpaka kwenye goti. Lakini Cordell alipogusa nyuzi mbili kwa pamoja, kilichanganyikiwa. Kilikoroma, kikagugumia kama mlevi anayetafuta funguo. Na aliposhuka kwenye uzi mnene kabisa, kilikuwa kinawinda noti, kinaikamata, inakiponyoka, kinaikamata tena.

"Yesu wangu," akasema Renetta, kiongozi wa kwaya. "Hiyo ni besi au ni tumbo la mtu?"

Kwaya yote ikacheka. Mmoja akasema ni tumbo la Shemasi akisubiri kuku, wakacheka tena. Pettigrew aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Kisha kikaja kile cha buluu. Kidogo, kipya, kinang'aa, kina taa ndogo. Cordell akakanyaga, akapiga nyuzi sita zote kwa pamoja, na zote zikashuka chini bila kugombana. Kilikuwa safi. Hakikukoroma wala hakikuwinda. Renetta aliweka mkono kifuani.

"Hicho! Hicho hapo! Kama kuna watu wawili."

"Kama kuna Anko Del na mwenzake," akasema mpiga ngoma, Vashon.

"Bila mdomo wa Anko Del," akasema mwingine.

Walicheka, nami nikacheka nao kwa meno. Lakini nyayo zangu zilikuwa zimeshasikia. Kile cha buluu kilikuwa kinachelewa. Si sana, kiasi cha kupepesa jicho tu. Kidole kinagusa uzi, ngoma ya Vashon inatua, halafu, baada ya nafasi nyembamba kama karatasi, ndipo besi inafika. Ni kama mtu anayecheka baada ya wote, kwa sababu alikuwa anangoja kuona kama ni utani. Kwenye wimbo wa taratibu hakuna anayejua. Wimbo wa taratibu unasamehe.

Lakini kanisa letu haliishi kwa nyimbo za taratibu. Sisi tuna shangwe. Mahubiri yakishapanda, Roho akishuka, muziki unafunguka mbio, na watu wanaingia kwenye njia kati ya mabenchi wanacheza kwa miguu mpaka jasho. Kwenye shangwe besi ndiyo ardhi. Ikichelewa kiasi cha kupepesa jicho mara nne kwa kila hatua, mchezaji anakanyaga mahali ambapo ardhi haijafika.

Na shangwe, kwetu, haifanyiwi mazoezi. Haijawahi kufanyiwa. Mtu haigizi Roho Jumamosi asubuhi ili ajue kesho atafanyaje. Wazee wetu walimfukuza mpiga kinanda mmoja kwa sababu hiyo, nami nilikuwepo. Kwa hiyo hapo mazoezini hakukuwa na mtu wa kusema, "Hebu kijaribuni kwa mbio." Neno hilo lisingetoka kinywani mwa mtu yeyote mle ndani. Kilikuwa kipimo kisichoweza kupima kitu chenyewe, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyevua viatu.

Pettigrew alinijia na karatasi na kalamu. Niliisoma polepole, maana mimi husoma polepole. Ilikuwa na miraba mitatu ya kutia alama. Wa kwanza: cha kahawia kinafaa. Wa pili: cha buluu kinafaa. Wa tatu: hakuna kinachofaa.

Mraba ule wa tatu ndio nilioukodolea macho. Nani anaweka mlango wazi kwa mtu anayetaka kumfungia? Nikaupima hivi na hivi. Nikitia alama pale, kesho karatasi itasomwa mbele ya kanisa, na watasema: mnaona, tulimwita kwa heshima, naye akalinda kona yake. Kisha wataleta hakimu mwingine. Nikitia kwenye cha kahawia, kwaya nzima imekisikia kikikoroma, watasema mzee amechagua kibovu makusudi. Wamenizingira, nikaona. Basi nitawapa wanachokitaka wenyewe. Nitawapa cha buluu, na shangwe itakifichua Jumapili hii hii, mbele ya watu wote, na hakuna atakayesema ni Tarver. Wao ndio watakaokuja kibarazani kwangu.

Nikatia alama kwenye mraba wa pili. Nikasaini: Delmus R. Tarver.

"Una hakika?" Pettigrew akauliza.

"Kwani ulitaka niandike nini?"

"Nilitaka uandike ulichosikia."

"Basi umeandikiwa."

Cordell alikuwa anakunja waya. Hakuinua kichwa.

Jumapili nililiweka gitaa langu la besi kwenye buti la gari, ndani ya kasha lake, nyuzi zimeshalinganishwa sauti. Nilikaa benchi la nne kutoka nyuma, karibu na mlango wa pembeni. Pettigrew alisimama kwenye matangazo akaisoma ile karatasi yangu, jina langu na saini yangu, watu wakapiga makofi. Mama mmoja mbele yangu aligeuka akaninong'oneza, "Mungu akubariki, Ndugu Tarver, una moyo mkubwa." Nikamwambia asante. Pembeni ya jukwaa, kwenye kona yangu, palikuwa na kamera yenye miguu mitatu.

Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri. Cha buluu kilifanya kazi yake. Nilianza kuogopa kwamba labda hata shangwe kingeiweza.

Mchungaji alihubiri juu ya mifupa mikavu. Alianza chini, akapanda, akapanda tena, sauti ikaanza kuimba yenyewe, Mama Idella akawa anamjibu kwa kinanda kila sentensi. Nikajua inakuja. Watu walikuwa wamesimama. Kisha Vashon akapiga lile pigo, na shangwe ikafunguka.

Mama Odessa Grimes alitoka kwanza, kama kila Jumapili. Ana miaka themanini na nne, mwembamba, viatu vyeupe. Hatua yake naijua kuliko ninavyojua mwendo wangu. Miaka thelathini na moja nimeipigia. Kisigino, kidole, kisigino, kidole, kama cherehani. Aliingia kwenye njia, akainua mkono, akaanza.

Hatua ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya nne nikaona goti lake linangoja. Besi ilikuwa nyuma. Vashon aliisikia nyuma, akadhani ni yeye anayekimbia, akajivuta. Mama Idella akasikia ngoma inajivuta, akaisukuma kwa mkono wa kushoto. Cordell, masikini, alikuwa anapiga mapema ili kufidia, na kadiri alivyopiga mapema ndivyo noti zilivyozidi kugongana. Ikawa ni vurugu, kila mtu anamfuata mwenzake na hakuna anayeongoza. Mama Odessa alisimama katikati ya njia. Hakuanguka. Alisimama tu, mkono bado uko juu, akageuza uso kuelekea kwenye kona ya kushoto, akaiona kamera.

Sasa, nikasema. Nikatoka kwa mlango wa pembeni.

Nilikwenda mbio kwenye gari kadiri ya magoti yangu. Nikafungua buti, nikashika mpini wa kasha. Nilikuwa nimeshapanga: nitaingia kwa mlango wa mbele, si wa pembeni. Nitapita njia ile ile. Nitamwacha Pettigrew anione.

Ndipo nikaisikia. Ilianza ndogo, kisha ikajaa. Nilikuwa nimevaa viatu, niko juu ya lami, hatua thelathini kutoka ukutani, na bado iliingia kwenye nyayo. Duu, duu, duu, duu. Haikuwa gitaa wala kisanduku. Ilikuwa miguu. Watu wote waliomo mle ndani walikuwa wameichukua sakafu ile ya mbao na kuipiga kwa visigino, kwa pamoja, kwa wakati, na shimo la ghala chini lilikuwa linaitoa sauti kama tumbo la ngoma kubwa. Ndivyo walivyofanya mababu zetu kabla hakujawa na waya. Mtu fulani, nadhani Mama Odessa, alipiga ukelele wa furaha.

Nilisimama pale na kasha mkononi, nusu ndani ya buti, nusu nje. Nilingoja wachoke, na hawakuchoka. Dakika kumi, pengine kumi na tano. Shangwe ilikwenda mpaka mwisho wake bila kisanduku na bila mimi. Nikarudisha kasha, nikafunga buti, nikakaa juu yake.

Watu walipoanza kutoka, Cordell alikuja maegeshoni na shati limemganda mgongoni. Aliangalia gari, akaniangalia mimi.

"Ulisikia Jumamosi," akasema.

"Nilisikia nini?"

"Anko, usinifanyie hivyo. Ulivua viatu. Ulisikia kwamba kinachelewa."

"Na wewe hukusikia?"

"Mimi nilisikia kwenye vidole. Ndiyo maana nilikuomba useme." Akanisogelea. "Unajua ni nani aliyetaka uwe hakimu? Mimi. Unajua ni nani aliyeuleta ule mraba wa tatu? Mimi. Niliwaambia wadhamini, Tarver akisema havifai, basi havifai, na jukwaa lichorwe upya apate nafasi. Shemasi akakubali. Mchungaji akakubali. Ulikuwa na kona yako mkononi, Anko! Ungetia alama moja tu!"

"Maneno tu hayo."

"Yameandikwa kwenye kitabu cha kikao. Nenda kasome."

"Vitabu vya kikao vinaandikwa hata baada ya kikao."

"Anti Verlene angekuwepo angekuaibisha hapa hapa mbele ya watu," akasema, akaenda zake.

Nilimkuta Pettigrew kwenye ukumbi wa chakula, mbele ya sahani ya kuku na mboga. Nilimwomba kitabu cha kikao. Hakuuliza kwa nini. Alijifuta vidole, akafungua kabati, akaniwekea mezani, akarudi kwa kuku wake.

Nilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Tarehe ilikuwa ya Jumanne, siku mbili kabla hajaniletea pai. *Imekubaliwa kwamba uamuzi wa Ndugu D. Tarver utakuwa wa mwisho. Akisema hakuna kinachofaa, nafasi ya besi itabaki na mchoro wa jukwaa utabadilishwa.* Nililamba kidole nikakipitisha juu ya wino nione kama bado ni mbichi. Haukutoka. Nikakipitisha tena kwenye saini ya Mchungaji. Haukutoka.

"Umemaliza kuuonja?" Pettigrew akauliza.

"Kwa nini hukuniambia siku ile nyumbani?"

"Ningekuambia, ungeamini?"

Nilikifunga kitabu. Nilitaka awe mwongo. Nilikuwa nimeshajizoeza kuwa na mtu wa kulaumu. Asubuhi nikiamka upande wa Verlene uko baridi, jina la Pettigrew lilikuwa linanisaidia kushuka kitandani.

"Wimbo wa Verlene uliukata," nikasema.

Aliweka mfupa chini. "Niliukata. Niliwaogopa wale watu wa arusi. Hilo ni langu, na sina cha kujitetea. Lakini hili la jana na leo ni lako, Delmus."

"Nilidanganya," nikamwambia. "Kile cha buluu nilikisikia kinachelewa. Niliandika kinafaa ili kiwavunjikie."

"Kilimvunjikia Mama Odessa."

"Niliona."

"Karatasi yako imesomwa mbele ya kanisa. Mimi siwezi kusimama na kusema Tarver amebadilisha mawazo. Watasema wadhamini wamekulazimisha. Utaandika nyingine, na utaisoma wewe."

"Mimi kusoma mbele ya watu? Unajua mimi na kusoma."

"Andika fupi."

Niliangalia uso wake nione kama anafurahi. Sikuweza kujua. Nikavuta kiti nikaandika hapo hapo, watu wakiendelea kula. Maneno yalikuwa machache, lakini yalinichukua muda wa sahani mbili.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele, kamera zote tatu zikinitazama, nikasoma. *Mimi Delmus Tarver nilisikia kwamba kisanduku kinachelewa, nikanyamaza, nikasaini uongo. Cha kahawia kinafaa kwa noti moja moja, kwa wimbo wa taratibu. Cha buluu kinafaa kwa nyuzi nyingi, kwa wimbo wa taratibu. Kwa shangwe hakuna kinachofaa. Namwomba Mama Odessa msamaha, na Cordell.* Hakuna aliyepiga makofi.

Mama Odessa alisema kutoka benchi la mbele, kwa sauti ya kusikika na wote, "Nimekusamehe. Lakini wewe ni mjinga, Delmus."

"Ndiyo, Mama."

"Mjinga mkubwa."

"Ndiyo, Mama."

Wadhamini walikaa Jumanne. Mchoro wa jukwaa, wakasema, umeshalipiwa na seremala ameshakata mbao; ile nafasi ambayo ningeipata kwa alama moja haipo tena. Nitasimama chini, pembeni ya ngazi, nikiwa na spika ndogo ya kuazima, kwa miezi mitatu. Nikikosa Jumapili tatu, watatafuta mtu mwingine. Kisanduku cha buluu kimerudi dukani. Cha kahawia Cordell anakitumia kwenye meza ya Bwana, na kinapendeza.

Leo ilikuwa Jumapili yangu ya kwanza pale chini. Kamera hazinioni, naona hiyo haikuwa bahati mbaya. Spika ndogo inakohoa kwenye noti nzito, na nimeuliza mara mbili ni nani aliyeichagua, sijajibiwa. Shangwe ilipofunguka niliingia pamoja na Vashon, hakuna aliyechelewa. Mama Odessa alipita mbele yangu, kisigino, kidole, bila kunitazama. Pettigrew alikuwa amekaa benchi la tatu, anapiga makofi, na nilipoinua macho aliniinamishia kichwa kidogo.

Nilipiga mpaka mwisho, nikimwangalia mikono.